Mama Pacha Anaikagua Maktaba

Asubuhi ile Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akishona vifungo vya shati. Hakuwa anaona. Macho yake yalizimika miaka miwili nyuma kwa ugonjwa wa presha ya macho. Lakini vidole vyake havikusahau kazi. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka kumi na sita, na uzi bado aliutunga kwenye sindano mwenyewe, kwa msaada wa ncha ya ulimi.

Pacha wake, wasichana wawili wa darasa la tatu, walikuwa wakimsomea tangazo. Pacha mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kuzaliwa kwa robo saa, alisoma mbio mbio. Chuo cha ufundi kinatafuta mwalimu msaidizi wa ushonaji. Mwombaji awe na ujuzi wa miaka kumi. Basi, mama, imeisha.

Mama Pacha akanyoosha mkono, akaipapasa karatasi kutoka juu hadi chini. Ilikuwa ndefu, tena imekunjwa mara mbili.

"Karatasi yote hii," akasema, "na wewe umemaliza kabla chai yangu haijapoa? Haya, nani haoni humu ndani?"

Pacha mdogo akacheka mpaka akapaliwa na mate. Mkubwa akaanza upya, safari hii polepole. Kumbe chini kulikuwa na maneno mengine. Mwombaji atafanyiwa usaili baada ya wiki sita. Maswali yatatoka katika kitabu cha mafunzo ya ushonaji, chenye sura kumi na moja. Kitabu kipo maktaba ya umma, na hakiazimwi kwenda nacho nyumbani.

Mama Pacha akaishika ile karatasi kwa muda. Tangu macho yalipozimika, wateja wake walikuwa wamepotea mmoja mmoja. Kila mmoja alisifu nguo, akaondoka nayo, asirudi tena. Nafasi ile ya chuo aliitaka kuliko kitu kingine chochote. Hakuwa tayari kuzeeka akishona vifungo. Alitaka kufundisha.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alikubali kumpeleka maktaba, lakini kwa shingo upande. Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliopita watu watatu wenye fulana za kijani walikuja nyumbani, wakampa mkewe sabuni mche mmoja, wakampiga picha akiwa ameishika. Walisema watarudi na msaada. Hawakurudi. Baada ya mwezi, Baba Pacha aliiona picha ile imebandikwa ukutani kituo cha basi, kubwa kama mlango, na maandishi ya kuomba michango. Aliibandua kwa bisibisi. Tangu siku hiyo mgeni yeyote mwenye maneno matamu alimwona mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Jumanne wakaenda maktaba. Mlangoni kulikuwa na meza, rejista na kibao kilichosema mifuko, miavuli na fimbo viachwe hapa. Mlinzi alikuwa mzee nadhifu, mtu wa sheria. Alisalimia vizuri, kisha akaichukua fimbo nyeupe ya Mama Pacha mkononi mwake, akaifuta kwa kitambaa, akaiegemeza pembeni ya miavuli, akampa kibati chenye namba kumi na nne.

"Mzee, hiyo ndiyo anayotembelea," Baba Pacha akasema.

Mlinzi akajibu kwa upole kwamba hata mheshimiwa akija na mwavuli wake anauacha hapo. Sheria haina upendeleo.

Basi Mama Pacha akaingia ameshika bega la mumewe. Bila fimbo, sakafu ilikuwa kama maji. Hakujua hatua inayofuata ina nini. Hatua ya tano, goti lake likagonga kigari cha kubebea vitabu. Vitabu vitatu vikaanguka. Watu wakasema shsh.

Kwenye kaunta kulikuwa na karani. Karani hakumwangalia Mama Pacha. Alimwangalia mumewe, akauliza, "Anataka nini?"

"Muulize mwenyewe," Baba Pacha akasema. "Macho ndiyo yaliyozimika, ulimi haujazimika."

Mama Pacha akataja kitabu chake. Akaeleza kwamba mumewe atamsomea. Karani akasema ndani ya maktaba hairuhusiwi kusoma kwa sauti. Kuna chumba maalumu cha walemavu kule nyuma, lakini kimefungwa, ufunguo anao mtunza stoo, na mtunza stoo katoka. Tena kimejaa viti vibovu. Waje siku nyingine.

Siku ipi, hakusema.

Mama Pacha alirudi nyumbani, akaiweka fimbo pembeni. Kisha akamwambia mumewe kwamba hakanyagi tena pale. Wiki sita zitapita, usaili utapita, na yeye atabaki na vifungo vyake. Baba Pacha akajibu kwamba alijua tangu mwanzo.

Alhamisi mchana, mwanamke kijana akabisha hodi. Baba Pacha alikuwa nyumbani akinoa patasi. Mgeni akasema yeye ni mkutubi, amehamia maktaba ya umma mwezi uliopita, na sasa ndiye msimamizi wake. Anamtafuta mama aliyefika Jumanne.

Baba Pacha hakumkaribisha. Alimuuliza amejuaje nyumba yake. Mkutubi akaeleza kwamba waliandika jina na mtaa kwenye rejista, kisha akauliza kwa majirani. Baba Pacha akataka kitambulisho. Akakisoma mbele na nyuma, akakilinganisha na uso wake, akakisoma tena. Akamtaka aweke simu mezani, kioo kikitazama chini.

"Picha hapa hapigwi mtu," akasema.

"Sikuja na kamera, baba. Wala sabuni."

Baba Pacha akashtuka. Nani kamwambia habari ya sabuni? Mkutubi akasema majirani walimwonya, kwamba akienda nyumba ile na sabuni atatoka nayo kichwani. Mama Pacha, aliyekuwa ndani akisikiliza, akashindwa kujizuia kucheka. Akatoka.

Mkutubi akamgeukia yeye, akamwamkia, akajitambulisha upya kana kwamba hakuwa amesema kitu. Akaanza kueleza. Jioni ya Jumanne alikuwa akipitia rejista ya mlangoni. Namba kumi na nne, fimbo nyeupe, imeingia saa nne na dakika tano, imetoka saa nne na robo. Akajiuliza ni msomaji gani anakaa maktaba dakika kumi. Akamuuliza Mlinzi. Mlinzi akajibu kwa fahari kwamba fimbo aliitunza vizuri, tena aliipangusa.

"Nikaona aibu," Mkutubi akasema. "Kwa mtu asiyeona, fimbo ndiyo inayomwonyesha njia. Ni sawa na sisi kumwambia msomaji aache miwani mlangoni, au miguu."

"Umekuja kuomba radhi?" Mama Pacha akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kukuomba kazi."

Hapo Baba Pacha akamkonyeza mkewe, akasahau kwamba haoni, akakohoa badala yake. Aliona sasa ndipo mtego unapofyatuka.

Mkutubi akasema mwezi ujao mafundi wanakuja kuikarabati maktaba. Akiwaacha wafanye wanavyofikiri, watarudia makosa yale yale kwa rangi mpya. Tayari amekwisha kuzungumza na fundi simu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Huyo hajawahi kuingia, kwa sababu njia ya mteremko iliyojengwa ni kali mno. Amezungumza pia na msusi mmoja asiyesikia. Huyo aliwahi kufungiwa ndani, maana wakati wa kufunga hupigwa kengele tu, na kengele yeye haisikii. Mlinzi aliporudi na kumkuta, alimdhania mwizi.

"Kila mmoja ananionyesha kosa ambalo mwingine halijui," akasema. "Sasa namtaka mtu asiyeona, tena mwenye shaka, asiyeniamini hata kidogo. Atembee maktaba nzima anitajie makosa."

"Makosa tu?" Mama Pacha akauliza. "Hata yakiwa mia?"

"Nitayaandika yote mia."

Mama Pacha akafikiri. Akatoa masharti yake. Fimbo haitoki mkononi. Picha hapigwi. Mumewe anakuja na tepu yake ya kupimia. Na kitabu cha ushonaji atakipata kwa njia ambayo atakisoma chote, si nusu.

"Hilo la mwisho ndilo gumu," Mkutubi akasema. "Lakini nalipokea."

Alipoondoka, Baba Pacha alisimama uchochoroni kumtazama mpaka akapotea. Akasema mtu akikubali masharti yote bila kubishana, kuna jambo.

Jumamosi wakaanza ukaguzi getini. Mkutubi alimuuliza Mama Pacha kama angependa msaada, na msaada gani. Hakumvuta mkono wala kumsukuma mgongoni. Alimpa kiwiko cha kushika, akatembea nusu hatua mbele yake. Watu wengi hukosea hapo. Wakimwona asiyeona humkamata kama mtoto anayekimbia, kumbe wanamtia hofu. Mtu akishika kiwiko chako, anauhisi mwili wako unapogeuka, unapopanda na unaposhuka.

Kwenye njia ya mteremko Baba Pacha alipiga magoti, akapima. Kwenda juu, sentimita sitini. Urefu wa njia, mita mbili na kidogo. Mkutubi akasema kipimo kinachotakiwa ni kwamba kila sentimita moja ya kwenda juu ipate angalau sentimita kumi na mbili za kwenda mbele.

"Sitini mara kumi na mbili," Baba Pacha akapiga hesabu. "Mita saba na ushee. Aliyejenga hii alikuwa anashusha magunia."

Akaongeza kwamba hakuna bomba la kushika pembeni, na vigae vyake vinateleza. Mkutubi akaandika. Ndani, Mama Pacha akaendelea. Vyungu vya maua vilipangwa katikati ya ukumbi. Andika. Vigari vya vitabu vinaachwa popote. Andika. Kaunta ni ndefu kwenda juu, mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu ataonekana nywele tu. Andika. Baba Pacha akaongeza kwamba kila mlango umepakwa rangi moja na ukuta wake, na mwenye macho hafifu hawezi kuutofautisha. Andika.

Wakafika chumba maalumu. Mtunza stoo akafungua. Kulikuwa na harufu ya vumbi na viti vya miguu mitatu. Mkutubi akasema ofisi ya juu inataka chumba hiki kipakwe rangi na kuandikwa mlangoni kuwa ni cha walemavu. Mama Pacha anaonaje?

Mama Pacha akagonga sakafu kwa fimbo. "Mwanangu, mimi nimefuata vitabu. Vitabu viko kule mbele, na watu wako kule mbele. Mkiniweka huku, nitakuwa kiti kingine kibovu."

Basi wakakubaliana kwamba chumba kile kiwe cha kusomea kwa sauti, cha kila mtu. Mwanafunzi anayetaka kukariri aingie, mama anayemsomea mtoto aingie, asiyeona na msomaji wake waingie. Kufuli itoke. Na anayetaka kukaa ukumbini akae ukumbini.

Makosa yalifika thelathini na moja. Mlinzi alikuwa akiwafuata kwa mbali muda wote, maana alikuwa na wasiwasi kwamba hawa wamekuja kumfukuzisha kazi. Mama Pacha akamwita. Akamwambia fimbo yake alirudishiwa safi kuliko alivyoileta, na kwamba mtu mwangalifu namna hiyo anafaa kuwa wa kwanza kuwapokea wageni. Mzee akauliza kama kibao cha mlangoni kiandikwe kwamba fimbo za kutembelea zinaruhusiwa, na magongo pia. Mkutubi akamwambia aandike yeye.

Likabaki suala la kitabu. Mama Pacha hakujua kusoma maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole. Kujifunza huchukua miezi, na yeye alikuwa na wiki tano. Mkutubi akaeleza kwamba kuna njia nyingine. Kitabu kinaweza kusomwa na kurekodiwa sauti, kikaingia kwenye simu au redio ndogo, msikilizaji akakisimamisha na kukirudia anavyotaka. Yeye na karani watagawana sura.

Baba Pacha hakuliamini hilo. Mara mbili katika wiki ile alipita maktaba bila taarifa, akajifanya anasoma gazeti. Karani akamwambia gazeti hilo ni la mwezi uliopita. Akasema anapenda habari zilizokomaa. Lakini alichotaka kukisikia alikisikia: mlango umefungwa, na nyuma yake karani yuleyule wa siku ya kwanza anasoma habari za kola, akikosea, akirudia.

Baada ya siku kumi sauti zikawa tayari. Mama Pacha akasikiliza sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye sura ya nne akasimamisha. Akarudia. Akamwambia mumewe waende maktaba sasa hivi.

Alimwomba Mlinzi amletee kitabu chenyewe na amsomee sura ya nne yeye. Hakumwambia kwa nini. Mlinzi akavaa miwani, akasoma taratibu, neno kwa neno. Akafika mahali akasema, "Hapa pana picha. Mkono wa blauzi umelazwa juu ya kitambaa. Juu umepinda kama kilima, lakini upande mmoja wa kilima ni mnene zaidi. Pana mishale miwili."

"Endelea," Mama Pacha akasema. Akahesabu. Sura ile ilikuwa na picha tisa. Kwenye sauti hapakuwa na hata moja. Palikuwa na maneno tu: kama inavyoonekana pichani.

Mkutubi alipoitwa, aligusa mdomo kwa mkono. Waliziruka picha bila kukusudia. Walidhani kusoma ni kusoma maneno.

"Nilijua kuna jambo," Baba Pacha akasema.

"Jambo lipo," Mkutubi akajibu, "na sikulijua. Mngenyamaza, angeingia kwenye usaili na nusu ya kitabu."

Wakakaa wote wanne mezani. Kueleza picha kwa maneno kulisaidia, lakini Mkutubi hakujua ushonaji, akawa anauita mkunjo wa kifuani mstari. Ndipo Mama Pacha akaomba kadibodi, gundi na uzi mnene. Akamwambia mumewe achore picha kama ilivyo kitabuni, kisha abandike uzi juu ya kila mstari. Mkono uliozoea kuchora mageti haukupata shida. Gundi ilipokauka, Mama Pacha akapitisha vidole. Akakiona kilima, akauona upande mnene, akaiona mishale.

"Huu ni mkono wa kulia," akasema. "Mnene ni nyuma."

Mkutubi akatazama maandishi madogo chini ya picha. Ilikuwa kweli.

Walitengeneza picha themanini na mbili. Pacha walikata kadibodi, Mlinzi aliandika namba nyuma, karani alirekodi maelezo akisahihishwa na Mama Pacha mwenyewe. Kazi ilipokwisha, seti nzima ikawekwa kwenye rafu pamoja na kitabu, mtu mwingine akija aikute.

Siku ya usaili Mama Pacha alisema atakwenda peke yake. Mumewe akakubali haraka mno.

Mkuu wa chuo alimpokea kwa heshima, lakini sauti yake ilijaa mashaka. Maswali kumi ya kitabu Mama Pacha aliyajibu yote. Mkuu akasema watu wengine hukariri. Akamwekea mapajani blauzi moja, akamwambia ina kosa, alitafute.

Mama Pacha aliigeuza ndani nje. Akapita kwenye mabega, akashuka kwenye makwapa, akapapasa kilima cha kila mkono.

"Mikono imebadilishwa," akasema. "Wa kulia umewekwa kushoto. Ndiyo maana mvaaji akinyoosha mkono mbele itambana nyuma."

"Ndilo kosa lenyewe," Mkuu akasema.

"Na tundu la tatu la kifungo limeshuka. Kama nusu sentimita hivi."

Mkuu akasema hilo halipo, blauzi hii anaitumia miaka yote. Akachukua futi kamba, akapima. Akapima tena. Kisha akavuta daftari, akamuuliza anaweza kuanza lini, na chuo kiandae nini. Mama Pacha akataja mambo matatu: mashine zisihamishwe bila kumwambia, kila mwanafunzi ataje jina kabla ya kusema, na kadibodi na uzi mnene viwepo darasani.

Alipotoka, alitembea na fimbo yake mpaka kwenye benchi lililokuwa nje ya geti, akasimama.

"Nilikusikia tangu kwenye kona ya nyumbani," akasema. "Una viatu kama farasi."

Baba Pacha akainuka kwenye benchi. Akauliza imekuwaje.

"Jumatatu, saa mbili. Mwalimu msaidizi. Na usinifuate."

Akacheka yule bwana, akafuta uso kwa mkono wa shati, akaapa kwamba hatamfuata. Jumatatu asubuhi alimfuata mpaka kwenye kona. Hapo akasimama, akamtazama anavyoivuka barabara fimbo ikitangulia, akageuka akaenda zake kazini.